Mume Wangu Alishangilia Maharage

Mshauri mpendwa, Shangazi yetu wa kila Jumamosi, shikamoo. Naomba unisaidie haraka kabla sijapasuka, na usishtuke, siumwi, ni furaha niliyoibana kifuani mpaka vifungo vya blauzi vinalalamika, maana nimepatwa na jambo zuri kuliko yote yaliyowahi kunipata na sina wa kumwambia, kwa sababu wote ninaotaka kuwaambia wanadhani wanalijua tayari.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye karakana ya mama mmoja ambaye sisi mafundi tunamwita Bosi Mkasi, na mume wangu ni kinyozi, ana kibanda chake mtaa wa pili, viti viwili na kioo kimoja, na mdomo wake Shangazi, acha tu. Hii ndiyo mimba yetu ya kwanza. Tangu tumbo lianze kujitokeza amekuwa akiweka kiganja chake hapo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini na kila jioni akirudi, ananyamaza kama mtu anayesikiliza mpira redioni dakika za mwisho, halafu ananiuliza, "Bado?" na mimi namjibu, "Bado, baba, tulia," naye anaondoka kwa unyonge utadhani amefukuzwa kazi.

Basi Jumapili moja tulikula maharage mchana, tena mengi, mimi nikajinyoosha kwenye kochi, naye akaja kuweka kiganja chake kama kawaida, na tumbo langu, naomba radhi kwa lugha, likanguruma, likajizungusha, likasukuma kutoka huku likaenda kule, na mimi najua kabisa ni maharage, nimeishi na tumbo hili maisha yangu yote, lakini kabla sijafungua kinywa mume wangu karuka juu, macho yamejaa machozi, anasema, "Amecheza, mke wangu, amenigusa mkono," akaniuliza, "Ndiye, si ndiye?" na mimi nilipoona uso wake ulivyong'aa nikasema, "Eeh, ndiye." Sikusema zaidi ya hapo. Nilipanga nimweleze ukweli akishakaa chini, lakini hakukaa chini, alikuwa tayari anampigia simu mama yake.

Kufika Jumatatu mtaa mzima unajua. Alimwacha mteja nusu kichwa kimenyolewa nusu bado, akasimama mbele ya kioo kuonyesha kwa mikono miwili jinsi mtoto alivyojigeuza, na kwa jinsi alivyoonyesha, wateja wakaamua kwamba nguvu zile haziwezi kuwa za mtoto mmoja, sasa wanamwita Baba Mapacha, naye anaitika. Mama mkwe alikuwa anafuma sweta moja ya njano, amenunua uzi wa ya pili. Na kliniki ndiyo usiseme, muuguzi aliponiuliza kama mtoto ameanza kucheza, mume wangu alinijibia kabla sijavuta pumzi, akataja mpaka siku, muuguzi akanitazama mimi, akasema, "Mapema hivyo, na baba amemsikia kwa mkono?" Mimi nikatazama dari.

Sasa sikia. Juzijuzi nipo kazini naweka zipu kwenye suruali ya shule, nikaachia pedali ili nigeuze kitambaa, mashine ikanyamaza, na katika ule ukimya, chini kidogo ya kitovu, kitu kikanigonga kutoka ndani, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwa ncha ya kidole na hana hakika kama nyumba ndiyo yenyewe. Nikatulia. Kikagonga tena. Shangazi, hayakuwa maharage. Nilicheka kwa sauti huku machozi yananitoka, nikamwambia kimoyomoyo, ni hapahapa mwanangu, hujapotea, karibu. Bosi Mkasi akauliza kuna nini, nikamwambia sindano imekatika, nikaendelea kushona huku bega linatikisika kwa kicheko, na nilipoinua ile suruali nikakuta zipu iko gotini.

Tangu hapo ndio mchezo wetu. Nikikanyaga pedali anatulia, nikiachia anabisha. Mafundi wenzangu wanashangaa mbona siku hizi napumzika sana na nacheka na ukuta. Lakini nyumbani mume wangu akiweka kiganja haambulii kitu, mimi namsikia mtoto ndani anavyojirusha na yeye nje hasikii, anasema, "Leo kalala, si kama siku ile," halafu anaisimulia upya siku ile, siku ya maharage, na mimi naitikia kwa kichwa. Natamani nimwambie, huyo hapo, ndiyo kwanza amekuja, tushangilie wote. Nikimwambia, nitamnyang'anya siku yake, mtaa utamcheka, na mama mkwe ataniona mwongo. Nikinyamaza, furaha hii nitaila peke yangu nyuma ya cherehani kama mtu aliyeiba. Nishike lipi?

Ni mimi,
Fundi wa Zipu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Fundi wa Zipu, na hongera, tena hongera ya kupigiwa makofi. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini na mhariri wangu, mtu asiyecheka hata akitekenywa, ametoka nje kutafuta hewa. Mimi nimezaa mara nne na nilipofika pale kwenye hodi nilijikuta nimeshika tumbo langu mwenyewe, na humo hakuna kitu zaidi ya chai.

Haya, tumeshacheka, sasa kaa vizuri nikuseme. Umemwacha mtu mzima, wembe mkononi, atangazie mtaa habari za maharage. Najua ulimwonea huruma, na sura ya mwanamume anayelia kwa furaha ni ngumu kuikatisha. Lakini huruma ya dakika moja umeifuga mpaka imeota sweta ya pili.

La kliniki silicheki hata kidogo. Muuguzi hakuuliza swali lile kwa kupiga soga. Siku mtoto anapoanza kucheza ni moja ya mambo yanayowasaidia kujua mimba inakwendaje, na wewe umewaachia jibu lisilo la kweli. Rudi ukawaambie, useme kwa kinywa chako, na kinyozi abaki nje ya mlango. Hawatakufokea. Yule muuguzi, kwa jinsi alivyokutazama, alishakushtukia.

Sasa tuje kwa hofu yako kubwa, kwamba utamnyang'anya mume wako siku yake. Siku ipi, mwanangu? Mama ndiye humsikia mtoto kwanza, kiganja cha nje kinasubiri, mara nyingi wiki kadhaa. Siku ya mume wako haijafika bado. Iko njiani, na ni nzuri kuliko ile ya maharage: mtoto wake mwenyewe atamsukuma kiganjani, yeye kwa yeye. Ukiendelea kunyamaza, siku hiyo ikifika atasema, "Leo ameamka," ataondoa mkono na kwenda kufungua kibanda. Hapo ndipo utakuwa umemwibia kweli.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwombe Bosi Mkasi ruhusa, na huyo naye mwambie ukweli, maana anakutafutia sindano zisizokatika. Mlete mume wako kazini kwako, mkalishe ubavuni mwa mashine, shona kitambaa chochote, halafu achia pedali. Mtoto akibisha, mwambie, "Sasa hivi, hapa, anapiga hodi. Namsikia mimi tu, wewe zamu yako inakuja." Mwache afurahi kwanza. Kisha umweleze ya Jumapili ile, moja kwa moja, bila kuzungukazunguka. Usianze na maharage, utaharibu.

Atanuna. Mwache anune, kinyozi hanuni muda mrefu, wateja wakija lazima aongee. Na hadithi hii mwachie aisimulie mwenyewe pale kibandani, ataitia chumvi mpaka iwe tamu kuliko ya mapacha, na watakaomcheka watakuwa wanacheka naye. Mama mkwe mpigieni simu pamoja. Sweta ya pili aimalizie tu, sijaona mtoto anayemaliza asubuhi na nguo moja safi.

Baada ya hapo, rudini kwenye desturi yenu. Asubuhi na jioni aweke kiganja chake, anyamaze, akuulize, "Bado?" nawe umjibu kwa ukweli, hata kama mtoto anakuchezea ngoma ndani, "Kwako bado, baba, tulia." Mpaka siku ile utakapomwona amekaa kimya, mkono umeganda hapohapo tumboni, na hakuulizi kitu.