Ndege wa Shamba la Mama

Kaka,

Neno "mpendwa" nimelitia kibindoni kwanza, huenda siku moja ukalistahili.

Unakumbuka mwaka wa themanini na nne, ulipotualika mimi na mama tulale hoteli mpya ya bondeni Kakuyuni? Baba alikuwa amefariki, nawe ukajifanya mwenye mji, ukamkodisha Mtaliano mwenye hoteli ile shamba la mpunga la mama. Ulimwahidi mama kwamba ataendelea kulima, wageni watatazama tu. Ulitupokea na tai shingoni, ukatuonyesha kitanda chenye chandarua cheupe na dirisha linaloelekea mpungani. Mimi nilifurahi, sikatai. Nilioga maji moto mpaka ngozi ikajikunja. Mama alitandika leso yake akalala chini.

Alfajiri ndege wakashuka. Punje zilikuwa changa, zenye maziwa, ndizo wazipendazo. Mama akatoka barazani akaanza kuwaamia wasile mpunga, kama alivyofanya tangu tukibebwa mgongoni: mikono juu, ukelele mpaka ng'ambo ya bonde. Ukaja mbio, shati nje.

"Mama, nyamaza! Wageni wamelala."

"Na ndege je, mwanangu? Nao wamelala?"

"Waache wale. Mpunga huu ni wa kupigwa picha."

Kwa neno lile nakuchukia, kaka, na naliandika wazi. Mama alikaa kitako akawatazama ndege wakila jasho lake. Wewe ukaenda kuagiza chai. Mpunga ule ndio uliotukuza, hata hilo umbo lako la kuvalia suti.

Sasa uko Ulaya kwa bwana wako yule Mtaliano, na umetuma salamu kwamba mnataka na kipande cha chini cha shamba, kile kimoja alichobakiwa nacho mama, mchimbe bwawa la kuogelea. Mama amekataa. Wazee wa ukoo wamekaa naye, wamekataa pia. Usijisumbue kutuma vitenge. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilimwuliza mama, ukija tukupokeeje? Hakuacha kupepeta, ungo mkononi. Akasema hatukufungii mlango. Utatolewa kiti kizuri, utapikiwa, utaulizwa habari za huko. Lakini kitanda chako amempa mwanangu. Ukishiba tutakusindikiza hadi barabarani, ukalale hotelini na wageni wenzako.

Ni mimi dada yako, maana udugu haukatwi kwa barua.