Wasindikizaji wa Mkondo D

Sabrina, uko wapi? Mwenzio nimejifungia stoo ya vitabu.

Unamkumbuka Mwajabu, mwalimu wetu wa taaluma, yule wa Kondoa? Leo paredi kawagawa kidato cha pili kwa alama. Mkondo A wenye vichwa, kushuka mpaka D. Akawaambia, "Nyie wa D ni wasindikizaji. Msiwasumbue wenye safari." Tukacheka. Walimu wote tulicheka!

Akaanza kusoma namba za mtihani, maana karatasi hazina majina. Namba arobaini na saba, D.

Akatoka Nasra. Mwanawe wa kumzaa!

"Rudi kwenye mstari, nimesema arobaini na saba."

"Ndiyo mimi, mwalimu."

Mwalimu! Shuleni hamwiti mama, ndivyo Mwajabu alivyotaka mwenyewe.

Mkuu akamnong'oneza, "Madamu, tumpeleke B kimyakimya." Mwajabu hata hakumsikia. Akamvuta binti pembeni, nami nipo hapo hapo. "Kwa nini hukuniambia umefanya vibaya?"

"Si ulisahihisha wewe, mwalimu? Hukuujua mwandiko wangu?"

Hukuujua mwandiko wangu! Sabrina, Mwajabu akarudi kuitazama ile orodha ya namba. Nasra akabeba begi lake, akaenda D kwa miguu yake.

Sasa hivi A nzima inawaita wenzao wasindikizaji, nawasikia mpaka huku stoo.

Na lile neno, shoga, nililianzisha mimi. Wiki iliyopita, ofisini, tukinywa chai, nikitafuta cha kuwachekesha.