Ugali wa Mama Felista

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekukasirikia. Ulinifundisha marehemu hasemwi vibaya, basi sikusemi kwa watu. Nakuambia mwenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakula kwa Mama Felista, jirani yetu hapa Kasense, yule uliyesema ndiye aliyekutupia kikohozi? Ulininong'oneza kwa Kifipa: mega, tafuna mate, tonge lifiche. Wewe ulificha kwenye pindo la kitenge, nami kwenye langu. Njiani tulimtupia mbwa. Mbwa akanenepa, na bado hatukujiuliza.

Tangu uondoke mambo yamebadilika. Wafanyabiashara wanafuata mahindi mpaka uani, hatungoji tena chama cha ushirika. Soko la mjini limejaa mitumba. Nimenunua koti zito la baridi yetu hii ya Juni, lina mifuko miwili mikubwa. Nadhani umeshajua ninakoelekea.

Jumuiya yetu inasali kila Alhamisi, nyumba kwa nyumba, na mwenye zamu anaandaa chakula. Zamu ya Mama Felista ilipofika, nikavaa koti. Nimeungama mengi, mama, hasira, umbea, hata kukosa misa msimu wa kulima. Hili la tonge sijawahi kuliungama. Niliona ni akili tu.

Siku hiyo katekista alitufundisha habari ya kuvua utu wa kale. Niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Chakula kikaja, nikafanya mambo yangu. Tulipopiga magoti kwa sala ya mwisho, matonge mawili yakadondoka kutoka mfukoni hadi mkekani, mbele ya mwenye nyumba.

Mama Felista akayaokota, akasema taratibu, "Mnisamehe, ulezi wangu wa mwaka huu una mchanga."

Alinisitiri. Mimi, niliyemwita mchawi miaka yote hii.

Nimechoka, mama. Nimechoka na huu mkono wangu. Juzi nilikuwa Milanzi kwa dada yako, aliyenibeba mgongoni, na mkono ukashika tonge ukaelekea mfukoni wenyewe. Nasali rozari kila jioni, na mkono haujasikia hata salamu moja. Najikasirikia, halafu nakukasirikia wewe.

Na kuna hili, ambalo linaniuma kuliko tonge. Ulikohoa miaka mitatu. Hospitali ukaikataa, ukisema dawa ya nini wakati aliyekuroga unamjua. Nami nilikubali. Nilikaa pale kitandani nikikubali, mama. Ningekubeba kwa nguvu.

Jana nilichukua sindano nikaishona mifuko yote miwili. Leo asubuhi nikaenda kwa Mama Felista, sikualikwa, nikaomba kiporo cha ugali wa siku ile. Akasema kimeisha, ila ulezi ni uleule, akasonga mwingine. Nilimega. Nikatafuna, nikameza. Nikamega tena mpaka sahani ikaisha, na machozi yananitoka.

Jumamosi nitakwenda kuungama, na safari hii nitalitaja tonge, nimtaje na Mama Felista kwa jina. Wanangu nitawafundisha kula kwa jirani. Nakuahidi hilo, hata kama huko uliko hulipendi.

Pumzika, mama. Bado nimekukasirikia, na bado nakuombea.

Ule ulezi haukuwa na mchanga hata chembe.

Mwanao