Nimelitaja Jina Lako Bomani

Bakari, mkwe wangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi, anaijua Mwenyezi Mungu, na yangu utaisikia humu humu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa penseli yako ile ya kupigia mistari kwenye mbao. Yule karani wa barua pale sokoni alitaka kunisaidia nikamfukuza. Maneno haya siwezi kuyapitisha kwenye mdomo wa karani. Herufi zangu zimepinda, najua. Lakini kuta zangu hazijapinda hata moja tangu nilipoanza uashi, na Tanga nzima inalijua hilo, anayebisha aje na timazi yake.

Nina hasira, Bakari. Arobaini yako imepita, watu wamekula wali, wamesoma, wamekwenda zao, na hasira yangu ingali inachemka kama chokaa iliyomwagiwa maji.

Nianze na lililo langu. Boriti zile zilikuwa za paa langu mimi. Wewe uliniambia, "Baba, tuchukue leseni kwanza." Nikakujibu kwamba mikoko ya Mkwaja ilikuwapo kabla Bwana Misitu hajazaliwa, na kwamba mimi simwombi mtu karatasi kwa mti alioupanda Mungu. Maneno ya kishujaa hayo! Askari wa misitu walipotokea, shujaa alikuwa Makorora amekaa kitini, anakunywa kahawa. Wewe ndiye uliyekutwa pwani na korija mbili za boriti, miti arobaini. Kortini ukaulizwa nani amekutuma, ukasema umejituma. Ukapewa miezi minne. Mtu ambaye hata mkewe hajawahi kumpazia sauti, akatiwa chumba kimoja na wezi wa nguvu na wauaji, kwa ajili ya miti.

Unakumbuka waliponiruhusu kusema nawe pale uani kwa korti? Nikajitia ujuzi. Nilikwambia, "Ukiingia humo, mtafute mtu mzima mwenye nguvu. Mwamkie shikamoo, mwite baba. Akikupa kitu usikatae. Kaa ubavuni mwake, hakuna atakayekugusa." Nilisema kama mtu aliyekaa jela miaka saba. Nawe ulinisikiliza kwa adabu, kichwa umekiinamisha, kama ulivyonisikiliza miaka yote ya kazi nilipokufundisha kuchanganya mchanga na chokaa.

Ukaenda ukafanya hivyo hivyo.

Uliporudi ulikuwa na kile kikohozi, umekonda, na ukitembea unashika ukuta. Huli na watu. Msikitini unakwenda saa ambayo hakuna mtu. Mimi nikasema ni chakula cha jela, kitamtoka. Kisha ikaja ile Ijumaa, watu wamejaa barazani kwangu na mimi nimo katika hadithi zangu, namna nilivyokuwa simba jela enzi zangu, hata askari wakinipisha njia. Yule muuza samaki akasema, "Mzee, nasikia kuna wanaume humo hugeuzwa wanawake." Nikacheka. Nikasema, "Mwanamume hafanywi asilolitaka. Ukiona kafanywa, kataka mwenyewe." Watu wakacheka. Wewe ulikuwa umekaa ngazini. Ukasimama, ukaenda, hukuaga. Na mimi mjinga nikasema, tazameni, mkwe wangu siku hizi hana adabu.

Natamani mtu angenipiga kofi siku ile.

Ukaja ukaugua ukalala. Siku moja baada ya adhuhuri ukamtuma mkeo Mwanaisha aniambie nije, lakini nisiingie ndani, nikae nje chini ya dirisha. Nilielewa. Mkwe na mkwe hawasemi habari za mwili, hivyo ndivyo tulivyolelewa, hata kuoga kwako sikupaswa kukujua. Nikakaa kwenye mchanga, mgongo wangu ukutani, nawe kitandani upande wa pili, ukuta niliojenga mimi uko katikati yetu. Ukayasema yote bila kuuona uso wangu. Sauti ilikuwa inakatika. Mara mbili ulinyamaza nikadhani umelala.

Ulisema ulimwamkia yule nyapara shikamoo, ukamwita baba. Mfungwa kama wewe, kafungwa miaka kumi, kapewa na wakubwa wa jela madaraka ya kuamua nani alale wapi na nani apate uji mzito. Alikupa blanketi. Alikupa tumbaku, na wewe huvuti, ukaipokea kwa sababu kukataa mkono wa mtu mzima ni utovu wa adabu. Wale wengine walikuwa wanakutazama wananyamaza. Hakuna hata mmoja aliyekwambia kwamba mle ndani aliyepokea blanketi la mtu amekubali kuwa wa mtu. Wewe ulidhani umepata baba. Kumbe nilikuwa nimekutuma mimi, kwa mdomo wangu huu, ukajifunge mwenyewe.

Mlango ulikuwa ukifungwa alasiri mpaka asubuhi, na askari wote wako nje. Watu sitini mahali pa watu ishirini. Ulipompelekea habari askari wa zamu aliuliza, "Unataka niandike nini, kwamba wewe ni mke wa mtu?" Akacheka, akamwita mwenzake waje wacheke wote. Na yule nyapara akajua siku hiyo hiyo kwamba umesema.

Hayo mengine sitayaandika. Uliyasema mara moja, yatosha.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu tangu nilipoota ndevu. Mimi simba wa jela nilikaa jela siku kumi na moja. Siku kumi na moja tu, Bakari! Kwa kumpiga msimamizi wa katani. Nilikuwa na mabega kama mlango, na ami yangu, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa askari wa lango. Nililala karibu na mlango, nikila chakula kilichotoka kwa shangazi. Nani angenigusa? Ule haukuwa uanaume. Nilikuwa na ami. Miaka yote hii nimejenga ghorofa la uongo juu ya siku kumi na moja, na wewe ukalifuata ukadhani ni nyumba.

Mwisho ukaniambia, "Baba, lisitoke hapa dirishani. Mwanaisha asijue." Nikaapa. Jumatatu ya pili yake tukakuzika.

Nami nilikuwa nimekusudia kukaa na kiapo changu mpaka nitakapokufuata. Unanijua, nikisema nimesema. Lakini juzi juzi akaja Bi Zuhura, mama yake Mwinjuma, yule utingo wa lori mwembamba mwenye sauti nyororo ambaye mwaka jana tulimchezea ngoma ya harusi. Mwinjuma kapigana na dereva wake, kapewa miezi mitano, jela ile ile. Bi Zuhura akakaa chini akalia, akasema, "Baba, wewe ndiye unayeijua jela. Mtoto wangu hana ndugu humo, hajawahi kulala nje ya nyumba yangu ila kwa mkewe na kwenye lori. Nipe maneno nimpelekee."

Wallahi! Nilimtazama yule mama nikamwona Mwinjuma anaingia mlango ule, anatafuta mtu mzima wa kumwamkia.

Nikampa maneno mengine. Mwambie asipokee kitu cha mtu, hata kipande cha sabuni, hata akiitwa mshenzi. Mwambie atafute wale Waislamu wa Pangani uliowataja, wanaosali pamoja, alale katikati yao, wala asilale pembeni. Mwambie akitishwa apige kelele siku ya kwanza, asingoje ya pili. Bi Zuhura akaniuliza, "Kuna nini humo, Baba?" Nikamwambia. Sikukutaja. Akajifunika uso kwa kanga.

Lakini nilipobaki peke yangu nikaona, haya ndiyo maneno tunayompa kila mtu? Ajilinde? Mtu mwembamba, mpya, hana ndugu, anafungiwa na mtu wa miaka kumi aliyepewa mamlaka, halafu sisi tunamwambia jilinde! Hao waliomfungia wana kazi gani?

Nikavaa kanzu yangu ya Idi, nikaenda bomani.

Siku ya baraza watu wamejaa, wengine na kesi za mashamba, wengine za ng'ombe, na mimi nikasimama. Wakaniambia kaa usubiri, nikasema sikai. Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, Kiswahili chake ni kile cha vitabuni, anahitaji mkalimani. Nilipoanza tu, karani mkalimani akaacha kufasiri. Akaninong'oneza, "Mzee wangu, haya hayasemwi mbele ya Mzungu. Utatuaibisha." Nikamjibu kwa sauti wasikie mpaka wa nje, "Aibu ikikupata wewe kwa kuyasema, aliyefanyiwa imempata nini? Fasiri!" Akafasiri, jasho linamtoka.

Bwana Shauri akawatoa watu wengine. Akauliza kwa nini alikuwa huyo na si mwingine, alikuwa na tabia gani. Tabia gani! Nilipiga meza yake, Bakari, wino ukamwagika. Nikamwambia tabia yake ni kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza. Mwili mdogo. Mpole. Hana mtu ndani. Mkamlaza na mtu ambaye hana tena la kuogopa, mkafunga mlango mkaenda kwenu. Mkampa mfungwa mmoja ufunguo wa matumbo ya wenzake. Mkaweka askari anayecheka. Mtieni humo yeyote aliye hivyo, mtieni mwanao, kisha mniulize tabia yake.

Hapo kwenye mwanao karani akataka kuliruka. Nikamwangalia. Akafasiri na hilo.

Kisha huyo karani akasema lake mwenyewe, bila kuulizwa, "Lakini kwa nini hakusema, Mzee? Asiyesema labda aliridhia." Nikamgeukia. Nilitaka kumla nyama. Na papo hapo nikaisikia sauti yangu barazani, kataka mwenyewe, na vicheko. Ni maneno yale yale. Ni mimi niliyeyapika. Nikamwambia polepole, "Alisema. Alisema kwa askari akachekwa. Akaja kwangu, nami nikawa nimeshamcheka kabla hajafungua mdomo. Ungekuwa wewe ungesema mara ya tatu?"

Bwana Shauri akaniambia maneno mazuri, lakini bila jina hawezi kuandika kitu. Habari isiyo na jina ni uvumi.

Hapo ndipo penyewe, mkwe wangu. Nilisimama pale kanzu imenilowa. Nilikiona kile kidirisha chako. Upande huu kiapo nilichokuapia wewe ambaye hunisikii, upande ule Mwinjuma ambaye angali anapumua.

Nikalitoa. Bakari bin Hamadi, fundi wa uashi, wa Makorora. Nililisema kwa sauti niliyoitumia kukuozesha binti yangu. Nikasema, huyu alidhulumiwa. Neno hilo nilimwangalia karani alifasiri lilivyo.

Nikatoka nikaja moja kwa moja kwa Mwanaisha kabla ya midomo ya mji kumfikia. Yuko edani bado, amekaa chumbani kwake. Nikasimama mlangoni nikautazama ua, nikamwambia. Baba na binti, jambo kama hilo, sijui nilipata wapi maneno. Nilingoja alaani. Kisha akasema, "Baba, miezi ile yote alipolala kaugeukia ukuta, mimi nilidhani kanikinai. Nilidhani kajua kuishi bila mimi." Akalia kilio ambacho siku ya maziko hakukilia. Jana kazitoa kanzu zako ambazo alikuwa hataki kuzigusa, kazifua, kazianika.

Kwa hiyo lile ulilotaka asijue ndilo lililokuwa likimuua. Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini jua hivyo.

Nasikia yule nyapara kahamishwa, na wanaoingia mara ya kwanza wanalazwa chumba chao. Ndivyo anavyosema mtu aliyetoka wiki hii. Yule askari anayecheka yupo, anacheka bado. Mji nao umegawanyika. Wapo wanaonipita bila salamu, kwamba nimemvua nguo maiti. Yule muuza samaki alikuja barazani akaanza mzaha wake, nikamwambia, "Hapa kwangu maneno hayo yamekufa, na mimi ndiye niliyekuwa nayauza, kwa hiyo najua bei yake. Kanywe kahawa kwingine." Baraza langu siku hizi lina nafasi nyingi. Sijali. Waliobaki wanasikiliza.

Mwinjuma nimekwenda kumwona siku ya kuonana na wafungwa. Nimeandikisha langoni kwamba mimi ni ami yake. Uongo, ndiyo, lakini safari hii uongo wangu una faida. Nimemwangalia usoni mbele ya yule askari, nikamuuliza unalala wapi, karibu na nani, nani kakupa nini. Kajibu yote bila kuinamisha macho.

Bakari, nakuaga. Nimekukosea mara tatu: kwenye boriti, uani kwa korti, na barazani. Ya nne, ya jina, sijui kama ni kosa, utaniambia tukikutana. Mungu akulaze mahali pasipofungwa mlango. Nami nakuahidi hili, na unajua mimi nikishika neno sichomoki: bomani nitarudi kila baraza, na nitasimama, na watanizoea au watanichoka. Nitasema mpaka huyo anayecheka aondoke pale. Na wakiona heri wanifunge mimi, wanifunge, nitawasemea humo humo ndani.

Mkweo, fundi wa mawe,
baba yake Mwanaisha