Mwanamke Aliyepiga Pasi Barabara

Maktaba ya mtaa wetu wa zamani,
Jumatatu asubuhi

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Shikamoo ya pili ni ya lile goti lako la kushoto, maana najua ndilo litakaloitika kabla yako. Linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeshawagawia majirani kama kawaida yako? Sisi huku hatujambo. Mkwe wako anakuamkia, na wajukuu zako wanakula kama mchwa, hawachagui.

Nawe mdogo wangu unayemsomea Mama barua hii, habari za hapo? Nakuomba kitu kimoja tu: soma polepole na usiruke mstari. Nakujua wewe, ukifika penye aibu unakohoa halafu unageuza ukurasa. Leo kohoa utakavyo, lakini ukurasa usigeuze.

Mama, unakumbuka nilikwambia kwamba maktaba inakusanya hadithi za mtaa ili zichapwe kitabu. Kwa miezi saba nimebisha hodi nyumba kwa nyumba, kinasa sauti begani, daftari kwapani, na karatasi yenye maswali sita. Maswali matano ya kwanza ni mepesi, jina na kazi na mambo kama hayo. La sita ndilo linalowafanya watu wakune kichwa: hadithi hii uliisikia kwa nani? Msimamizi wetu ni mwalimu mstaafu ambaye sisi humwita Mzee Koma, kwa sababu hawezi kuiona sentensi imepumzika bila kuitia koma. Kwake, hadithi isiyo na jibu la swali la sita ni mtoto wa kuokota.

Basi mwezi wa pili nilimhoji fundi viatu wa pale karibu na ghala. Alisimulia misumari ikiwa mdomoni, hata ilinibidi niusikilize mkanda wake mara tatu ndipo nielewe. Alinieleza kwa nini mitaa yetu yote imepinda kama matumbo, isipokuwa barabara moja tu, ile ya kwenda stesheni, iliyonyooka karibu yote. Alisema hapo zamani palikuwa na mwanamke ambaye mtoto wake alipotea kwa sababu ya vichochoro. Mwanamke yule akachukua jiwe, akalichoma juani mpaka likawa la moto, akaanza kuipiga pasi barabara ili mtoto aone nyumbani kutoka mbali. Akajaza maji mdomoni, akainyunyizia ardhi. Akalowesha kidole, akaligusa jiwe kusikia kama linalia. Na hakuanzia katikati, Mama. Alianzia kwenye kola ya barabara, pale njia panda.

Kalamu iliniponyoka. Fundi viatu akadhani nimeguswa na hadithi, akafurahi, akaongeza chumvi.

Baada yake akaja mkunga mstaafu, na hadithi ikawa ile ile. Kisha dereva wa lori aliyestaafu, ambaye aliisimulia kwa kunong'ona kama mtu anayetoa siri ya serikali, na mkewe akamkatiza mara nne akidai anaiharibu. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa na watu kumi na mmoja, wengine hata hawajuani, na wote wanasema jambo moja: maji mdomoni, kidole, kola. Wote wanafika pale ambapo mwanamke amebakiza kipande kimoja tu cha barabara na jiwe linaanza kupoa. Hapo kila mmoja anashika njia yake. Fundi viatu anasema mtoto alirudi. Mkunga anasema mwanamke alijilaza barabarani akageuka ardhi. Dereva anaapa kwamba jiwe lilipoa kabisa, ndiyo maana mwishoni ile barabara ina kona moja, na ndiyo maana malori hupindukia pale, wala si kwa sababu ya madereva. Kwa swali la sita wote walijibu sawasawa: imetoka kwa bibi mmoja wa zamani sana, aliyeipata kwa bibi yake.

Mzee Koma alikaribia kulia. Alisema tumechimba tukafika mwambani. Akaandika utangulizi wa kurasa nne, na ndani yake akatamka kwamba hadithi ya mwanamke aliyepiga pasi barabara ndiyo kongwe kuliko zote, ina miaka isiyopungua mia mbili. Hongera Mama. Una miaka mia mbili, na wala huonekani hata wa hamsini.

Nilicheka peke yangu pale kwenye rafu za magazeti. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuzeesha hivyo, na mchapaji alikuwa anajiandaa kupanga herufi. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba hapakuwa na bibi yeyote. Palikuwa na wewe kwenye kile chumba cha nyuma chenye dirisha moja, pasi ya mkaa mkononi, shuka za watu zimerundikana mpaka karibu na dari. Mchana nikitoka shule nilikaa juu ya zile ulizokwisha kunyoosha, nawe ulianza kwa maneno yale yale, kwamba nisikilize na nisiguse pasi. Shuka zilikuwa bado na joto. Kila siku jiwe lilipoanza kupoa, mimi nilikuwa nimeshalala.

Sasa mdogo wangu, hapa ndipo pa kukohoa.

Nikiwa darasa la tatu niliwasimulia wenzangu hadithi yako bombani, tukisubiri ndoo zijae. Waliipenda mno. Binti wa karani, ambaye sare yake uliinyoosha wewe kila Jumapili, akaniuliza nimeitoa wapi. Kabla sijajibu alicheka na kuuliza kama dobi naye anajua hadithi. Mama, nilisema hapana. Nilisema mama yangu hajui kitu, hadithi ni ya bibi yangu mzee sana anayeishi mbali, naye aliambiwa na bibi yake. Na mama yako mzazi alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Kwa kuwa mwisho sikuujua, nawe hukuwepo kumalizia, niliwaacha wamalizie wenyewe, na kila mmoja akaenda na mwisho wake nyumbani kwao.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linaloniuma. Mke wa karani alikuja kuchukua nguo akakusifia hadithi nzuri ya mama yako anayeishi mbali. Mimi nilikuwa nimekaa palepale juu ya shuka. Ulinitazama. Ulilowesha kidole, ukagusa pasi, ukaendelea na kola ya shati. Tangu siku hiyo hukuisimulia tena, na mimi sikuthubutu kukuomba. Niliona aibu kwa kazi yako, Mama, nikakunyang'anya kitu chako na kumpa mtu ambaye hajawahi kuishi. Nisamehe.

Wiki tatu zilizopita palikuwa na kikao cha mwisho cha kupitisha muswada. Watu tisa mezani, Mzee Koma mbele na utangulizi wake. Nilisimama, nikawaambia kwamba ile hadithi haina miaka mia mbili, haifikii hata hamsini. Ilitungwa na dobi, na dobi huyo ni mama yangu. Nikawaonyesha kola, maji na kidole, nikawauliza nani asiyepiga pasi angeyajua hayo. Nikawaeleza pia uongo wangu wa bombani. Mmoja wao akapendekeza hadithi iondolewe, kwa sababu kitabu ni cha hadithi za kale, si cha michezo ya watoto. Mzee Koma alikusanya karatasi zake akatoka bila kuaga. Siku mbili hakunisemesha, na nilianza kufungasha vitu vyangu kimoyomoyo.

Siku ya tatu alikuja mezani kwangu na kurasa zake nne, amezichana. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha na kukusanya hajawahi kukutana na mtunzi wa hadithi ya aina hii akiwa hai. Kwamba mtu aliyetunga jambo, mtaa mzima ukalishika na kuliamini kuwa ni la mababu, huyo hapaswi kuondolewa kitabuni, anapaswa kuwekwa mwanzoni. Akaniuliza jina lako kamili, nami nililitaja kwa sauti iliyowageuza hata wasomaji wa magazeti. Mama, nimewahi kutaja majina ya wakubwa wengi humu, lakini sijawahi kutaja jina nikiwa nimenyooka vile. Wewe ndiye hadithi ya kwanza. Chini ya jina lako, penye kazi, pameandikwa dobi. Alitaka kuweka msanii wa maneno, nikakataa.

Miisho yote ya watu imewekwa, kila mmoja na wake. Baada yake tumeacha ukurasa mmoja mtupu, na mchapaji amekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi. Jumamosi nitafika hapo na kinasa sauti. Usipike kwa ajili yangu, na usianze kufagia uani na hilo goti. Ukiamua kunichapa kwanza, nichape, kisha tukae.

Nisalimie wote wa hapo, wakubwa kwa wadogo, na yule jirani uliyemgawia dawa yangu. Mdogo wangu, asante kwa kutoruka.

Mama, anzia pale jiwe linapoanza kupoa. Safari hii silali.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Binti wa dobi