Panya Niliyemnyang'anya Mamake

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwanangu Ivyne amenipiga na kijiko puani sasa hivi. Damu kwa blauzi! Anacheka na meno yake mawili. Nimembusu tu.

Leo maabara ninakofanya usafi, Loresho, kizimba cha nane kimepata watoto sita. Daktari Pramila alinieleza polepole: mishipa ya fahamu ni kama nyaya za stima, na kuna seli kazi yao ni kuzifunika. Kasoro moja ya jeni inaua hizo seli – panya anatetemeka, anashikwa na kifafa, wiki ya tatu amekufa. Hawa sita wana kasoro mbili. Je, ya pili itazidisha ubaya ama itawaokoa? Tusiwalishe, amesema, chakula chetu kitaharibu jibu. Atakayewalisha, kazi imeisha.

Alhamisi, 6 Machi

Mama yao amewala! Vichwa vitatu kwa maranda, miili hakuna. Wawili wamepasuliwa tumbo. Wa mwisho alikuwa mdomoni, analia. Nikamnyang'anya. Mama akaniuma hadi mfupa. Amekataa kumnyonyesha – nikampa maziwa ya kopo ya Ivyne, kwa kale kabomba ninakompa dawa. Mwaura, mtunza vizimba, alikuwa lunch. Hakuna aliyeona.

Alhamisi, 20 Machi

Namlisha kila siku, kwa siri. Anatetemeka, lakini anatembea! Wenye kasoro moja, kizimba cha pili, wamejigonga ukutani hadi damu puani. Mwaura akamvunja wa mwisho shingo – kra! – akaniona nimefunika macho. Akacheka: eti Mama Ivyne, kesho utawavalisha nepi?

Daktari akanikumbatia. Kasoro ya pili imemwokoa yule wangu, anasema!

Nikaficha kabomba mfukoni.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika chumba cha kubadilishia nguo. Asubuhi daktari alimpigia mama fulani, mtoto wake anatetemeka hivyo hivyo. Akamwambia matumaini yapo. Yule mama alilia kwa simu hadi mimi nikasikia, na nilikuwa mlangoni na ndoo.

Leo panya wangu anakatwa kichwa, waangalie ubongo. Nikisema, nafutwa. Nisiposema, yule mama atangoja kitu ambacho pengine ni maziwa tu. Ningekuwa mimi na Ivyne? Hapana. Nitasema kabla ya makasi. Nimejaribu maneno mbele ya kioo: Daktari, huenda si jeni, ni mimi nilim–

Ananiita. "Mama Ivyne! Njoo umshike, kwako anatulia!"

Nakuja, Daktari, lakini weka makasi chini kwanza, kuna kitu nataka kukwambia.