Nilivyomjibu Daktari wa Sindano

Kitaji, Jumanne jioni, 1973

Kosa la wengi wetu ni kumjibu daktari kama tunavyojibu salamu. Nimefundisha watoto miaka mingi, na leo kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe.

Daktari Mchina aliniuliza, kwa Kiswahili chake kipya, "Habari ya mguu, mzee?" Nikasema, "Nzuri." Akafurahi, akaandika. Kisha akanichoma mguuni sindano zake nyembamba zisizo na dawa, nne tu badala ya kumi, akapunguza mizizi ya dawa ya kuchemsha na kunywa ikawa nusu, na kupitia kwa mkalimani akasema Alhamisi ndiyo mwisho wa matibabu yangu.

Mguu si mzuri. Ganzi ilikuwa kwenye unyayo, sasa imefika gotini. Asubuhi nilikanyaga kaa la moto jikoni, nikajua kwa harufu.

Mke wangu hakunionea huruma. "Wewe unamwitikiaga daktari kama mkweo! Hata ukiwa maiti utasema nzuri?"

Nikamweleza kwamba mtu ametoka mbali vile, kumlalamikia mbele ya wagonjwa wote ni…

"Ni nini?" akauliza.

Naogopa. Ni sindano zile tu zilizowahi kunirudishia usingizi, na wakinifuta kwenye orodha sijui nitapokelewa tena lini. Nami najijua: Alhamisi akiuliza, ulimi utasema nzuri kabla sijafikiri.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, naandika karatasi ya kumpa mkalimani: "Ganzi imefika gotini. Sijapona."